Maswali kwa Mwalimu: Amelala Chali, Msimguse

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba hapa kwangu Nyegezi, Mwanza, nafuga buibui wakubwa wenye manyoya, wale wanaoitwa tarantula. Sikutegemea kwamba mistari hiyo ingeleta barua nyingi kuliko zote nilizopata tangu nianze ukurasa huu. Kwa hiyo leo kuku na paka wapumzike. Aliyeniuliza kuhusu mbuzi anayekohoa nimeshamjibu pembeni.

Naanza na barua ambayo haikuweza kusubiri gazeti.

*Shikamoo Mwalimu. Niko Nansio, Ukerewe. Tarantula wangu nina miezi mitano naye. Jana usiku nimemkuta amelala chali, miguu yote juu, katulia kabisa. Nimemgusa kwa kijiti, mguu mmoja ukacheza kidogo. Nimgeuze? Nimwagie maji? Au ndiyo basi tena? Msomaji wa Nansio.*

Marahaba mwanangu. Uliacha namba, nikakupigia, na neno langu la kwanza unalikumbuka: weka kijiti chini. Nalirudia hapa kwa ajili ya wengine, maana najua kuna tarantula waliotupwa jalalani wakiwa hai kabisa, wakiwa katikati ya kazi kubwa kuliko zote za maisha yao.

Tarantula aliyelala chali, mara nyingi sana, hafi. Anajivua. Mwili wake umevikwa gamba gumu lisilokua, basi akitaka kuongezeka hana budi kulitoka lote, kuanzia mgongoni hadi kwenye ncha za vidole. Anayekufa kweli utamjua kwa namna nyingine: yuko kifudifudi, miguu imejikunja chini ya tumbo kama ngumi iliyofumbwa. Sababu yake inaeleweka. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini kwenye viungo vikubwa vya mguu hana misuli ya kunyoosha. Hunyoosha kwa kusukuma damu mguuni, kama maji yanavyonyoosha mpira wa kumwagilia bustani. Nguvu ya msukumo ikiisha, kwa kiu au kwa mauti, miguu inajikunja yenyewe.

Nimeliona tukio zima mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, na sijaona kitu kingine kama hicho katika miaka yangu yote ya kufundisha baiolojia. Ulikuwa usiku wa mvua, Novemba, umeme umekatika. Kwa karibu wiki tano jike langu lilikuwa limekataa chakula, na tumbo lake lilikuwa limekuwa jeusi na kung'aa kama zambarau iliyoiva. Jioni ile akatandika utando chini, mzito, mweupe, kama shuka. Saa tatu akajilaza juu yake chali. Nilikaa na kandili mbali kidogo, nisimtie joto wala tetemeko.

Mpaka saa sita hakuna kilichotokea. Kisha nikaona mstari umechanika ubavuni mwa gamba la kichwa, na gamba lile likafunguka taratibu kama kifuniko cha kopo la maziwa. Akaanza kusukuma. Anasukuma, anapumzika, anasukuma. Miguu minane inatoka kwenye miguu minane, pamoja na ile mikono miwili mifupi ya mbele, yote kwa wakati mmoja, kama mtu anayejivua soksi zilizolowa. Ilipofika saa nane alikuwa ubavuni, amelegea, rangi yake imepauka, na chonge zake mbili zilikuwa nyeupe kama punje za mchele. Siku zilizofuata zikawa nyekundu, kisha nyeusi. Pembeni yake kulikuwa na buibui wa pili, mtupu ndani, kamili mpaka vioo vya macho. Ngozi ile ninayo, imekaa katika boksi la chaki.

Sasa mambo ya kushika. Ukimkuta chali, toa mdudu yeyote aliye hai humo ndani kama unaweza kumtoa bila kumtikisa, funga, ondoka. Watoto wasigonge kioo, redio isiwekwe kwenye meza hiyohiyo. Wadogo humaliza kwa dakika kadhaa au saa moja, mkubwa anaweza kuchukua usiku mzima na zaidi. Akimaliza, mpe maji, chakula usimpe kwanza. Mdogo asubiri wiki, mkubwa wiki mbili, mpaka chonge ziwe nyeusi. Katika siku hizo chenene mmoja mwenye njaa anaweza kumtafuna bwana mkubwa huyo, naye asiwe na cha kujitetea. Na kama alipoteza mguu zamani, utaona mwingine umeota, mwembamba. Kila akijivua mguu huo utazidi kunenepa.

(Wa kwako, mwanangu, ulinipigia kesho yake ukanong'ona kama aliye msibani, eti "Mwalimu, wako wawili." Nilifurahi siku nzima.)

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Igoma. Nyuma ya nyumba yetu kuna mawe, na chini ya jiwe moja nimechimbua tarantula wa ukubwa wa kiganja, wa kahawia. Nimemweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, nimetia mchanga kidogo wa ziwani na sponji yenye maji, juu nimeweka balbu ili apate joto. Nimempa mende watatu wa jikoni, hajagusa wiki mbili sasa. Nikimsogelea anasimama na kuonesha meno. Nataka awe ananipanda mkononi kama ninavyoona kwenye video. Nakosea wapi? Kijana wa Igoma.*

Marahaba mwanangu. Nakupenda kwa sababu umesema kila kitu, hata vile ambavyo mwingine angeficha. Nami nitakujibu vivyo hivyo.

La kwanza si la ndoo. Buibui wa porini ni kiumbe wa pori, na nchi hii ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori, ukaulize kabla hujaendelea. Mimi jike langu lilitoka kwenye msingi wa nyumba Buhongwa mwaka 2014, mafundi walikuwa wamelivunjia shimo na mmoja ameshainua koleo. Kabla ya kulifanya langu nilikwenda kuuliza, na karatasi niliyopewa naitunza mpaka leo. Wakikwambia mrudishe, mrudishe chini ya jiwe lilelile, jioni, wakati jua limeshalala. Na hata wakikuruhusu, ukinitaka ushauri kama mama yako, bado ningekwambia mrudishe. Shimo lake liko hatua chache kutoka mlangoni kwako. Chukua kigoda na tochi, kaa saa mbili usiku bila kutikisa ardhi, utamwona akitoka kuwinda. Wazungu hulipa fedha nyingi kukaa na kiumbe huyo kwenye boksi, nawe umejaliwa kumwona kwake.

Sababu yangu ya pili ni kwamba tarantula wa Afrika si wa mtu anayeanza. Vitabu vingi vya ufugaji wa tarantula vimeandikwa Ulaya na Marekani, na wale wanaosifiwa humo kuwa watulivu wanatoka Meksiko, Honduras, Chile na kwingineko huko. Hao silaha yao ya kwanza ni manyoya ya tumboni, huyakwangua kwa miguu ya nyuma yakaruka na kuwasha ngozi na macho. Wa kwetu hawana manyoya hayo. Silaha yao ni mbio na chonge. Yupo mmoja wa Afrika Mashariki, Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na mwanasayansi Pocock mwaka 1897, ambaye hata wafugaji wazoefu wa ng'ambo humfungulia boksi kwa kujipanga. Huyo wako akisimama na kuonesha chonge hajakasirika. Anaogopa, na anakwambia kwa lugha pekee aliyonayo kwamba umefika karibu mno. Usimpandishe mkononi, mwanangu. Leo, kesho, wala mwakani. Mkononi hapati chochote, na akianguka kutoka kifuani mwako tumbo lake linapasuka kama nyanya.

Ndiyo maana hata hiyo ndoo ya rangi haimfai. Ni ndefu. Ataupanda ukuta usiku, atateleza, ataanguka. Kama umeruhusiwa kubaki naye, tafuta kontena la plastiki gumu, pana kuliko refu, urefu wake uwe mara tatu ya buibui akinyoosha miguu. Au mwone fundi wa vioo akukatie boksi dogo lenye mlango wa kuteleza. Toboa matundu madogo ubavuni pande mbili, hewa ipite. Matundu yawe madogo kuliko kichwa chake, kwa sababu kichwa kikipita, vingine vyote vitafuata.

Udongo ndio nyumba yenyewe. Wa kwetu ni wachimbaji, kumnyima udongo ni kama kumlaza mtu barabarani. Jaza sentimita 15 hadi 20, uushindilie kwa mkono, halafu nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui akinyoosha miguu. Mchanga wa ziwani haushiki shimo, unabomoka. Chukua udongo mweusi uliochanganyika na mwekundu, uchekeche, uukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka uwe wa moto ndani, kisha uuache upoe. Hapo sisimizi na utitiri watakuwa wamekwisha. Usichukue udongo wa shamba la pamba, wala panzi wa shamba la pamba. Sisi Wasukuma tunajua mashamba yale yanapulizwa mara ngapi kwa msimu.

Sponji itoe leo. Buibui hanywi kwenye sponji, na ile inaoza tu. Weka kisahani, hata kifuniko cha chupa ya maji kinatosha, ujaze maji, uyabadilishe yakichafuka. Balbu nayo izime. Mwanza iko juu, ziwa peke yake limepita mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini joto letu la mchana la nyuzi 27 au 28 linamtosha, na usiku wa Julai akiona baridi ataingia shimoni. Balbu inamkausha, na kwa buibui, kukauka ndiko kufa. Ukiona tumbo limesinyaa na miguu inaanza kujikunja, msogeze kwenye kisahani cha maji mafupi, mdomo uguse maji. Tumbo lisizame, kwa maana mapafu yake yako upande wa chini wa tumbo.

Chakula: mdudu mmoja kwa wiki, au kwa siku kumi, asiyezidi tumbo la buibui mwenyewe. Chenene, panzi, na kumbikumbi mvua zikianza. Asipoguswa mpaka kesho yake, mtoe. Kukataa kula wiki mbili si ugonjwa. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula na akawa mzima, hasa akikaribia kujivua. Wako hajala pia kwa sababu ana hofu, hana shimo, na ana taa kichwani.

Lakini wale mende wa jikoni ndio walionifanya nisilale vizuri baada ya kusoma barua yako. Watoe. Hujui mende huyo amepita juu ya chaki ya mende ya nani, wala amepuliziwa dawa gani nyumba ya jirani. Ukitaka mende, wafuge mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, uwape pumba na maganda ya viazi. Hapo ndipo ndoo yako ya rangi itapata kazi.

Hapa niwaambie wote kitu ambacho kilinigharimu. Kabla ya huyu jike nilikuwa na mwingine, mdogo, mwaka 2011. Boksi lake lilikuwa zuri, udongo mzuri, maji safi. Kifuniko nilikikata katikati, nikashonea kipande cha chandarua kilichochakaa, ili apate hewa. Niliona nimefanya jambo la akili. Siku ya tatu nikamkuta anatembea kinyumenyume, miguu inatetemeka kila mmoja kivyake, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akajaribu kupanda ukuta, akaanguka, akajaribu tena. Kufikia jioni miguu ilikuwa imejikunja. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilikaa pale nikimtazama, na ilinichukua siku mbili nzima kutambua kwamba chandarua kile kilikuwa na dawa, na kwamba dawa inayomwangusha mbu haimwachi buibui. Alikuwa akikipanda kila usiku kwa vidole vyake.

Kwa hiyo chandarua lalia wewe, kila usiku, mimi pia nalalia. Kisikaribie boksi. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza isitumike chumba alicholala buibui. Wakija wapulizaji wa dawa ukoko, wapokeeni, malaria si ya mchezo huku kwetu, lakini boksi litoke kwanza. Mimi huwapeleka wangu kwa dada yangu Mkolani wiki mbili, na wakirudi meza inakaa katikati ya chumba, maana dawa ile hukaa ukutani miezi. Miguu ya meza inasimama ndani ya makopo yenye maji na sabuni, kwa ajili ya sisimizi na siafu. Siafu wakifika usiku, asubuhi utakuta gamba tu.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, Kirumba. Mwanangu wa kiume ameleta hilo dude nyumbani. Nina mtoto wa miaka mitatu. Naomba unijibu mambo mawili: linaua? Na majirani wameshaanza kusema maneno, nifanyeje? Mama wa Kirumba.*

Salama mama mwenzangu. Swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, lakini twende kwa mpangilio.

Haliui, kwa kadiri inavyojulikana. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na kuumwa na tarantula, na aina zake zimepita 1,000 duniani. Lakini hawa wa Afrika wakiuma panauma kweli, panavimba, na misuli inaweza kukaza kwa siku kadhaa. Mtu mzima atavumilia. Kwa mtoto wa miaka mitatu mimi nisingesubiri kuona. Ikitokea, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, mpeleke hospitali. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka. Akipumua kwa shida au akivimba uso, usipoteze hata dakika.

Na zaidi, mweleze mwanao masharti yako, na usiyalegeze. Boksi liwe na kufuli, ufunguo uwe wako. Likae chini, si juu ya kabati, kwa sababu likivutwa na mtoto likaanguka mtakuwa na mambo mawili kwa pamoja. Mikono isiingie kamwe, kila kitu kifanywe kwa kibanio kirefu, na akihitaji kuhamishwa afunikwe kwa kikombe cha plastiki na karatasi ngumu ipitishwe chini. Akishindwa masharti hayo, buibui arudi alikotoka. Hilo ni haki yako, ni nyumba yako.

Sasa majirani. Mama, mimi ni mwanamke wa miaka 68, ninaishi na wajukuu, napika kwa kuni na macho yangu ni mekundu kwa moshi. Wewe umezaliwa huku kama mimi, unajua mwanamke wa namna hiyo akisikika anafuga viumbe usiku kinachoweza kusemwa. Unajua pia ni bibi zetu wangapi wamelipa kwa maneno ya namna hiyo. Sikulichukulia jambo hilo kwa wepesi hata siku moja.

Nilichofanya ni hiki. Wiki ileile aliyoingia nyumbani, nilikwenda kwa balozi na kwa mwenyekiti wa mtaa, nikawaalika waje mchana, mlango wazi. Wakaja na watu wengine sita. Nikatoa boksi kibarazani, nikaeleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani: huyu anakula nini, analala saa ngapi, kwa nini ana manyoya. Buibui huyu ana macho manane lakini haoni vizuri, anasikia dunia kwa manyoya hayo, kila nywele inapokea mtetemo. Mzee mmoja akaomba apige ardhi kwa fimbo aone. Nikamruhusu mara moja. Buibui akarudi shimoni kama maji yanavyonyonywa, na mzee akasema taratibu, "Kumbe naye anaogopa." Tangu siku hiyo mtaani kwangu ni "buibui wa Mwalimu," na watoto huja Jumamosi na panzi kwenye chupa, nami nawauliza wamewatoa shamba gani.

Fanya hivyo, mama. Mapema, mchana, mbele ya viongozi. Kitu kinachofichwa chumbani hukua midomoni mwa watu. Na kama ndani ya moyo wako unaona mtaa wako hautaelewa, usimruhusu mwanao. Buibui anaweza kurudi porini kesho. Amani yako na ya mama mkwe wako mzee, kama unaye, haipatikani kirahisi ikishavunjika.

*Mwalimu, nimesikia nje wananunua tarantula kwa dola. Huku Sengerema wako wengi. Naweza kuwakusanya nikauza? Mjasiriamali.*

Hapana. Mwezi Mei 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na kabla hujafikiria lolote linalofanana na hilo mlango wako ni TAWA. Ongeza hili: jike hukaa miaka mingi kabla ya kuanza kuzaa, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Ukikusanya majike ya kilima kimoja kwa wiki moja, kilima hicho kitakaa kimya mpaka watoto wako wawe watu wazima. Jaribu samaki, jaribu kuku. Nitakusaidia kwa moyo wote.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa kidato cha tatu, Mabatini. Nimepata ruhusa ya mama na ya mwalimu wetu wa maabara kutunza tarantula mmoja wa shule. Maswali mawili: je, baada ya muda atanijua? Na nikienda kwa bibi Magu likizo ya mwezi mzima, nani atamlisha? Binti wa Mabatini.*

Marahaba mjukuu wangu. Hatakujua. Naona ni bora ulijue hilo tangu mwanzo kuliko kusubiri upendo ambao hautakuja. Hatakuja ukimwita, hatakukosa ukiondoka. Wewe ndiye utakayemjua yeye. Utajua anatoka saa ngapi, anapendelea kona ipi, anatandika utando mlangoni akiwa ameshiba au akikaribia kujivua. Nunua daftari. Andika tarehe aliyokula, alichokula, tarehe aliyokataa, tarehe aliyojivua. Yangu la kwanza lilijaa baada ya miaka mitatu, na ndani yake kuna vitu ambavyo sijavikuta kitabuni. Kwa mfano, jike langu huziba mlango wa shimo kwa udongo siku mbili tatu kabla ya mvua kubwa za masika. Si kila mwaka, lakini mara nyingi kiasi cha kunifanya niandike.

Kama ni dume, jiandae. Dume akishajivua mara ya mwisho utaona ncha za mikono yake ya mbele zimevimba kama ngumi ndogo, anaacha shimo, anazunguka usiku kucha akitafuta jike. Baada ya hapo kwa kawaida hana zaidi ya mwaka mmoja hivi. Hutakuwa umekosea chochote.

Likizo isikutishe. Mlishe wiki moja kabla ya safari, hakikisha ameshamaliza na mabaki umeyatoa. Mwezi bila chakula kwa tarantula mzima si kitu. Anachohitaji ni maji. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu, anayebaki shuleni, umwoneshe kisahani na umwoneshe kijae mpaka wapi. Ajaze kila baada ya siku nne kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia tundu la juu, bila kufungua kifuniko. Mwambie wakipaka au kupuliza dawa maabara, atoe boksi nje kivulini kabla hawajaanza. Na mwambie, kwa sauti, mara mbili: akimkuta chali, asimguse.